Kilio ya Mwami wa Valdeki

Inchi yangu ilikuwa ndogo sana. Kwa karte, ile ramani ya mu ordinateri, ni kusema kompyuta, ukiweka punje moja ya mahindi juu yake, unafunika inchi yote na nusu ya majirani. Jina yake ni Waldeck, sisi tulisema Valdeki. Ilikuwa kule kwa Wajerumani wa zamani, wakati ule kila kilima ya kule ilikuwa na mwami wake, askari wake na kiburi yake. Milima, pori, ng'ombe kidogo, na wakubwa kila upande wanaitazama kama vile muntu anatazama kuku ya jirani. Nilipoiona nikasema, hii njo yangu, sina haja ya kufundishwa.

Mimi ni Athanasie, mujane wa Nyamitaba. Nimesoma mpaka mwaka ya ine ya primeri, na mwaka ya ine nilisoma mara mbili juu niliipenda. Kuongoza inchi sikuomba. Mujukuu wangu Hubert njo alinifikisha pale, na nilikubali kwa sababu moja tu: Hubert alitaka kwenda Walikale kuchimba madini, na mimi sikutaka.

Nieleze vizuri. Baba yake, mutoto wangu Gisubizo, alikwenda kule kule, mu mashimo ya nyuma ya Kibua. Mara ya kwanza alirudi na mwanamuke, Chantal, binti wa watu wa pori ya kule, muzuri na mukimya. Mara ya pili alirudi na redio. Mara ya tatu shimo ilijifunga juu yake na wenzake, na hawakutolewa. Hakuna aliyetuletea hata kiatu. Kisha vita ikatutoa ku mulima, tukakaa chini ya hema kule Lushebere, na mu kambi hauna udongo wako wa kulilia muntu. Hivi Gisubizo alibakia katikati, bila kilio. Chantal naye akabakia katikati: si bibi ya muntu, si mujane. Tuliporudi Nyamitaba tulipanda viazi, na ile habari tukaizunguka kama vile watu wanazunguka jiwe kubwa mu shamba. Unalima kando yake huku, unalima kando yake kule, hakuna anayeigusa.

Sasa Hubert. Huyu kijana alipata diplome, na diplome ikamuletea kazi ya kuchaji telefone za watu kwa plaki ya jua. Hana kutulia. Akikaa, goti inatetemeka. Akisimama, anatazama barabara. Aliporudi kutoka Goma na ordinateri ya zamani, mufuniko wake umefungwa na utepe wa skochi, nilifurahi, nikajua goti itapata kazi ingine. Mule ndani mulikuwa muchezo wa wafalme. Unachagua inchi, unaitawala, miaka inapita mbio, unapigana, unaoza watoto, unakufa, mutoto wako anaendelea. Hubert alikuwa anachagua wakubwa tu. Alikuwa Prusi, ule ufalme mukubwa wa Wajerumani. Alimeza majirani kuanzia asubui mpaka betri inaisha, na betri ikiisha alikuwa anatembea mu kiwanja kama vile muntu aliyesahau kitu.

Siku moja akaniambia, bila kunitazama, "Koko, Patient amenipatia nafasi mu ekipi moja ya Walikale. Anakuja kunichukua na moto siku ya posho. Ni shimo nzuri."

Patient ni motari, anaendesha pikipiki, ile tunaita moto, na ni rafiki yake ya masomo. Anapeleka watu mpaka kule na yeye mwenyewe anachimba pia.

"Shimo nzuri," nikasema. "Iko na madirisha?"

"Koko."

"Nauliza tu. Ile ya baba yako haikukuwa nayo."

Chantal alikuwa pale mulangoni anachagua maharagi. Mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea.

Ningeweza kulia. Lakini nimekwisha kuona: kijana ukimulilia, anaharakisha. Ukimukataza, anaondoka ukiwa ku misa. Kijana ni mbuzi; ukivuta kamba, naye anavuta. Inafaa umuonyeshe majani upande ingine.

"Weye Prusi," nikamwambia, "unajua kupiga vita?"

"Najua."

"Unaweza kumupiga koko yako?"

Akacheka. "Koko hajui hata kuwasha mashini."

"Mwanaume akiogopa bibi muzee, aseme tu. Hakuna haya."

Akanieleza kama wawili wanaweza kucheza kwa mashini moja, kila muntu kwa zamu yake. Tukakata mapatano. Mimi nachagua inchi ninayotaka. Yeye akiichukua mbele ya siku ya posho kufika, ni kusema Jumamosi, anakwenda Walikale na mimi mwenyewe namufungia chakula ya njia. Akishindwa, anabakia mpaka maharagi yavunwe, kisha tutaongea tena.

"Apa," nikasema.

"Naapa."

"Apa kwa mama yako, ule pale."

Akamutazama Chantal, goti ikasimama kidogo, akaapa. Chantal hakuinua kichwa, lakini ile maharagi alikuwa anachagua ilikuwa imekwisha kuchaguliwa.

Basi nikatawala. Kila siku, nikitoka ku shamba, nikinawa mikono, naingia mu Valdeki.

Kwetu, muntu mwenye shamba ku kilima ya mwami anamupelekea mutulo. Ni kuku, ao mbuzi, ao kasiksi, pombe nzuri ya ndizi, ili mwami akumbuke jina yako. Muntu asiyepeleka mutulo, siku ya shida mwami anauliza: huyu ni nani? Mu ile mashini kulikuwa mahali pa kutoa zawadi. Nikatoa. Nikamupelekea mwami mukubwa wa Vienne, yule anayekaa juu ya wadogo wote. Nikawapelekea watu wa Hesse, watu wa Hanovre, hata askofu mumoja pale kando ambaye sikujua anatawala nini.

"Koko, unamaliza hazina yote na zawadi," Hubert akasema. "Hauna hata kanoni moja."

"Weye tengeneza kanoni, kaka. Mimi napika."

Siku ingine mashini ikaniuliza kama nakubali kukodisha vijana wa Valdeki kwa Waholandi, waende kupigana vita ya wengine ng'ambo ya bahari. Hubert akasema ni kweli ya histoire, wale wadogo wa kijerumani walikuwa wanaishi hivi, kwa kukodisha vijana. "Bofya ndiyo, koko. Kila muntu anabofya ndiyo."

"Na mama zao?"

"Mu muchezo hakuna bamama."

"Njo maana kila muntu anabofya ndiyo."

Nikabofya hapana. Hubert akatikisa kichwa, akanionea huruma kama vile muntu anaonea huruma mwenye kuacha shamba bila lupango ya kuzuia mbuzi.

Kisha akanishambulia. Askari wa Prusi wakatelemuka, wengi, kama siafu. Mimi nilikuwa na kikosi kimoja. Nikakiambia kiingie mu muji na kifunge mulango. Halafu nikakaa. Zamu ikapita, ingine ikapita, na kwa kila upande ya karte watu wakaanza kutembea kuelekea Prusi. Wa Vienne. Wa Hesse. Hata wa askofu.

"Hawa wote wanatoka wapi?" Hubert akauliza.

"Wanatoka kwa kuku zangu."

Alipigwa mpaka akaomba amani. Hakuongea na mimi mpaka bugali ilipoiva.

Habari ikaenea. Mama Joséphine-Marie, jirani yangu wa kilima ingine, alikuwa analeta telefone kuchaji, na mudomo wake hauna haja ya plaki ya jua. Aliambia watu wote: Athanasie anapigania Ulaya na mujukuu wake. Wakaanza kuja. Wanaleta telefone, wanakaa ku kibao, wanachagua upande. Papa Twizeyimana, katekista wetu, aliuliza kama watu wa Valdeki ni wakatolika. Hubert akamujibu kama ni waprotestanti. Papa Twizeyimana akaenda zake kwa heshima. Kesho yake alirudi kuuliza kama wangali wazima.

Vile nilikuwa nashinda, nikafanya akili zaidi, na akili zaidi njo ilinipoteza. Mwami wangu wa Valdeki, jina yake Ludovik, alikuwa kijana wa uso mwembamba, hajaoa, anapenda farasi. Alikuwa na dada. Nikawaza: nimalize hii maneno kabisa. Nimupe huyu binti kwa nyumba ya Prusi, tuwe wakwe. Kwetu wakwe hawapigane. Mwanaume akikutana na mama-mukwe mu njia, anatoka mu njia, anaingia mu majani hata kama kuna umande. Tangu nizaliwe sijaona mukwe anakamata kilima ya watu waliomupa mwanamuke. Atalala wapi? Nani atamuitika salamu?

Nikamutuma yule binti. Hubert akamupokea mbio sana.

"Umekubali mbio," nikasema.

"Ni mwanamuke muzuri, koko. Na wakwe hawapigane, ni weye umesema."

Ningemuangalia vizuri usoni siku ile. Lakini nilikuwa nafurahia harusi.

Siku ya tano, ile ya mbele ya posho, mvua ilianguka tangu asubui. Plaki haikushika jua, betri ilikuwa karibu kuisha. Nikasema moyoni: ikizima sasa, nimeshinda. Chantal alikuwa amekaa nyuma yetu na kikapo tupu juu ya magoti. Nikamaliza zamu yangu. Miaka ikasogea kidogo. Ikatokea picha ya Ludovik na kitambaa cheusi.

"Amekufa," Hubert akasema. "Farasi imemuangusha."

"Mutoto wake?"

"Hana."

"Ndugu yake?"

"Hana ndugu, koko. Iko na dada tu. Na dada iko kwangu."

Pale pale rangi ya Valdeki ikazimika, ikachukua rangi ya Prusi. Hakuna bunduki iliyolia. Hakuna mulango uliovunjika. Kilima yangu iliingia mu kinywa yake kama vile kiazi ya kuchemsha.

"Hii ni wizi," nikasema.

"Ni mirasi, koko. Wale wa kule njo desturi yao. Mukwe anariti."

"Kwetu mukwe akifanya hivi, mbwa zinamucheka."

"Kwetu ndiyo. Kule hapana."

Hakunicheka, na njo iliniuma zaidi. Angecheka ningepata mahali pa kumushika. Alisimama, akachukua sakosi, akaanza kuingiza nguo: suruali, pulover ya buluu, sabuni. Chantal akatoka, akasimama mu mvua chini ya paa inayovuja, nikaona mugongo yake tu.

Na mimi nilikuwa ningali mbele ya mashini. Uso ya Ludovik ilikuwa pale, na kitambaa yake. Kijana mwembamba. Hakuzikwa, hakuliliwa, inchi imepita juu yake, miaka inaendelea. Nikaweka mikono juu ya kichwa, nikafungua kinywa, nikapiga mayowe ya kifo.

Si mayowe kidogo. Ni ile mama zetu walitufundisha, inayotoka chini ya tumbo na kwenda mpaka bondeni.

Hubert akaangusha sabuni. "Koko, iko nini?"

"Mwami wetu amekufa."

"Koko, ni muchezo."

"Uliapa kwa muchezo, utalia kwa muchezo. Weye njo muriti, ao siyo weye? Umekula kilima yake, umechukua nyumba yake. Muriti anafunga sakosi na kwenda safari, na marehemu hajaliliwa? Nani alikulea?"

"Koko, nyamaza, watu watasikia."

Walikuwa wamekwisha kusikia. Kwetu, ukisikia mayowe ya kifo, hauulizi, unajibu. Joséphine-Marie alijibu kutoka kilima yake. Aliyekuwa nyuma yake akajibu. Nikasikia sauti inashuka bondeni na kupanda upande ingine, na mimi mwenyewe nikaogopa, kwa maana mayowe ikijibiwa hairudishwe. Hauwezi kusimama mbele ya watu waliokimbia mu matope na kuwaambia mulie kidogo tu, ni ordinateri.

Wakafika. Mumoja na kuni kichwani, mumoja na maharagi, mumoja na kasiksi mu bidoni. Wanaume wakawasha moto chini ya paa ya jiko. Hakuna aliyeuliza kwanza. Wanawake waliingia, wakanishika, wakalia. Joséphine-Marie alikaa karibu yangu, akatazama watu wa nyumba mumoja mumoja, akaona wote tuko wazima. Akanitia mudomo ku sikio.

"Athanasie. Ni yule wa mashini?"

"Lia," nikamwambia.

"Mimi nilikimbia bila viatu."

"Njo ulie vizuri basi."

Mukubwa mumoja akauliza mwili iko wapi. Nikasema ni muntu wa mbali, mwili haikupatikana. Na hiyo haikukuwa uongo, upande wowote uikamate. Akasema basi ni mugomba. Wote wakakubali. Kwetu muntu ambaye mwili yake imepotea, wanakata mugomba wa ndizi, wanaufunika nguo, wanauzika, ili roho yake ipate mahali pa kukaa na watu wa nyumba wapate mahali pa kutazama. Na muchimbaji wa kwanza ni muriti.

"Muriti ni nani?" mukubwa akauliza.

"Hubert," nikasema.

Hubert alinitazama. Nikajua akipata nafasi atanizika mimi na mugomba kando yangu. Lakini watu walikuwa wengi, na kijana aliyelelewa vizuri hawezi kusema neno mbele ya kilio. Tena alijua, kama vile mimi nilijua: mu nyumba ya kilio, jembe haiinuliwe kwa kazi ya shamba, na hakuna wa nyumba anayeanza safari mpaka kilio itoke. Sakosi yake ilikuwa ku kitanda, imefunguka nusu.

Asubui ya posho mvua ilikatika. Tukasikia moto ya Patient inapanda. Kisha hatukuisikia tena. Alikuwa ameona moshi, ameona watu wamekaa mu majani, akazima pale chini na kuisukuma kwa mikono mpaka kiwanjani, jasho inamutoka. Ana heshima, huyu kijana, hata kama nilikuwa namuombea pancha. Akaegemeza moto ku muti, akatoa kofia, akakaa mu wanaume. Wakamupa kasiksi. Hakuweza kuuliza ni nani amekufa, wala kusema harakisha.

Hubert alikuwa anachimba nyuma ya nyumba, pale ndizi zinaanzia. Mwanzoni alichimba kwa hasira, udongo unaruka mpaka ku miguu ya watu. Mugomba ulikuwa unalala kando, mufupi. Joséphine-Marie alikuwa ameuvalisha shati moja ya zamani, sikuuliza aliitoa wapi. Wanaume wakasema inatosha. Hubert akaendelea. Akaongeza urefu ya shimo. Wakasema, kijana, mugomba ni mufupi. Alichimba urefu ya muntu, muntu murefu, na vile alikuwa anaenda chini, mikono yake ilianza kupunguza mwendo. Mwisho alikuwa anaondoa udongo kidogo kidogo, kama vile chini kuna kitu ataumiza.

Papa Twizeyimana akavaa kanzu yake ya katekista, akafungua kitabu, akanigeukia.

"Mama Athanasie, marehemu tumutaje nani?"

Kila siku kinywa yangu iko na kitu tayari. Siku ile nilikifungua, nikakikuta tupu. Niseme Ludovik? Mbele ya ile shimo ndefu? Nikatazama watu, nikatazama kitabu.

"Gisubizo," Hubert akasema.

Alikuwa ndani ya shimo, kichwa yake tu inaonekana, na hakuinua macho.

"Useme Gisubizo, papa. Ni papa wangu."

Chantal alikuwa amesimama ku kona ya nyumba na ndoo ya maji ya kunawa. Akaiweka chini polepole, isimwagike. Akaja mpaka ku shimo, akaangalia mugomba na ile shati. Akapiga magoti, akaifunga kifungo ya shingo, kisha ingine, mpaka chini. Halafu akalia. Sikuwahi kusikia sauti yake kubwa, tangu aingie mu nyumba yangu. Ilikuwa sauti ya watu wa pori, na maneno ya kwao ambayo siyajui, na hakuna mwanamuke aliyejaribu kumunyamazisha. Joséphine-Marie alilia kweli. Na mimi, mwenye kuanzisha yote, nililia mpaka wakanishika kwapa.

Tukamuzika. Chantal alitupa udongo wa kwanza.

Kisha, watu wakiwa wananawa mikono, Patient akamukaribia Hubert. Nilikuwa pale nyuma ya ndoo, na masikio yangu ingali mazima.

"Pole, kaka. Sikujua."

"Hata mimi sikujua."

"Ekipi inaingia kesho. Nafasi haitangoja. Ujanja ya pale unaijua, wanaweka mwingine."

Hubert alikuwa anatoa matope mu makucha. "Siwezi kuzika papa asubui na kumufuata mangaribi," akasema.

Patient akavaa kofia, akaishika mukono ya Hubert na mikono yake mbili, akasukuma moto mpaka chini, akaiwasha kule mbali. Hubert alisimama akiisikiliza mpaka ikapotea nyuma ya mulima. Akarudi, akapita karibu yangu.

"Ulinidanganya, koko."

"Ndiyo."

"Najua ulinidanganya."

"Nimesema ndiyo."

Akakaa ku kibao, na goti ikaanza.

Nilifikiri imekwisha. Nilikaa mu kilio ile nikijipongeza ndani ya kitambaa. Kilio ilipotoka, tukanyoa nywele, watu wakarudi makwao, na Chantal, kichwa yake inang'aa, akaniambia neno ambalo sikuliwaza hata kidogo.

"Mama, sasa niko mujane. Inafaa niende Kibua niwaambie watu wangu."

Ni kweli, ni hivyo. Mujane anapelekwa kwao na habari. Hapelekwe peke yake: mutoto wake mwanaume njo anamusindikiza, amebeba kuku na kikapo ya chakula, na wajomba wakipokea habari wanajaza kikapo tena, inarudi na kitu. Kama haikurudi, ni kusema ujamaa umekufa.

Kibua. Nyuma ya Kibua, mashimo.

"Ungoje kidogo," nikamwambia. "Mvua iko mingi."

"Nimengoja, mama," Chantal akasema, bila ukali.

Wakaondoka. Yeye mbele, Hubert nyuma na kuku chini ya kwapa. Sikumuapisha kitu. Aliapa mara moja na mimi nikamuzungusha, na macho gani nilikuwa nayo ya kumuomba aape tena? Nilimwambia tu kuku anywe maji.

Tangu siku ile sikukaa. Nililima, nikaacha mustari katikati. Niliweka chungu ku moto bila maji. Nilikuwa naenda kuangalia barabara, narudi, nakumbuka sikuangalia vizuri upande wa chini, naenda tena. Moto ikipita nasimama. Joséphine-Marie alisema nimechukua goti ya Hubert. Nilimwambia achunge mudomo yake, nami nikaona mukono yangu inapigapiga kibao peke yake.

Alipiga telefone siku moja mangaribi. Rezo ya telefone ilikuwa inakatika.

"Koko, tulifika. Wajomba walipokea habari vizuri. Walilia."

"Kuku?"

"Walimukula."

"Na mashimo iko mbali na hapo mulipo?"

Nilifikiri rezo imekwenda.

"Si mbali," akasema. "Nilikwenda kuona."

Nikakamata telefone na mikono mbili. Ningejibu ningeharibu.

"Mujomba alinionyesha mahali. Hakuna kitu, koko. Kumeota mupapai na majani marefu. Ukiambiwa kama kulikuwa shimo hauamini. Kando yake wamefungua ingine. Patient alikuwa pale. Alinipa kofia yake ya taa nijaribu."

"Ukajaribu."

"Nikajaribu. Iko nzito. Nikasogea mpaka ku mulango, nikatazama chini. Kunatoka hewa ya joto, kama muntu anakupumulia." Rezo ikakwaruza, ikarudi. "Nikamurudishia kofia yake. Alinicheka, wote walinicheka."

"Waache wacheke."

"Koko, usifikiri umenishinda. Mimi sibakie Nyamitaba kuchaji telefone mpaka nizeeke. Maharagi ikivunwa nitatafuta kitu Goma, ao mbali zaidi."

"Sijasema neno."

"Nakusikia unavyonyamaza."

"Na mama yako?"

"Iko hapa. Wamejaza kikapo, mizigo mingine sijui nitabeba vipi. Kuna nyama ya kukausha. Anasema tuondoke kesho asubui, tunafika..."

Rezo ikakata. Nikaipiga telefone ile kwa kiganja, nikaipandisha juu ya kichwa, nikaipeleka mpaka ku ndizi, hakuna.

Asubui, mbele ya jua kutoka, nilichukua fagio. Nikafagia kiwanja. Nikafagia njia mpaka ku barabara, kisha barabara yenyewe, ile watarudia, ambayo si yangu na haikuniomba. Nilifika mpaka chini ya kilima ya Joséphine-Marie. Alitoka na kitenge ku mabega, akasimama akinitazama, akauliza natafuta nini mu matope ya watu.

Nikamwambia nimepoteza sindano. Akaenda kuchukua fagio yake, akaja kunisaidia kutafuta.